Milima ya Gusii kwa Baiskeli: Vilele, Rekodi na Mashindano Yanayokosekana

Katika milima ya Kaunti ya Kisii inayotajwa kwenye mipango ya maendeleo ya kaunti, Nyamasibi ndio mrefu kuliko yote, mita 2,170 juu ya usawa wa bahari. Sameta una mita 1,970, Kiamwasi 1,785 na Kiong'anyo 1,710. Anayefuatilia Tour de France atakumbuka mara moja Col du Tourmalet, njia ya milima ya Pirenei ambayo mashindano hayo yameipanda mara nyingi kuliko njia nyingine yoyote ya juu. Kilele chake kina mita 2,115. Nyamasibi unakizidi kwa mita 55, na tofauti nyingine ni kwamba Tourmalet hufungwa na theluji kila mwaka, ilhali milima ya Gusii inaishi watu mwaka mzima: wanachuma chai, wanauza ndizi, na watoto wao wanapanda mteremko kwenda shule kabla jua halijachomoza.

Nimekusanya hapa mambo makubwa, ya kwanza na ya kupita kiasi yanayohusu nchi hii ya Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, kwa jicho la mtu anayenyonga baiskeli. Nimeyakusanya kwa sababu naamini kwamba mambo yanayoipa barabara ya baiskeli jina kubwa duniani yote yako hapa. Kilichokosekana ni mashindano.

Mwinuko usiokwisha

Kwanza tuseme ukweli kuhusu urefu, ili Nyamasibi usipewe sifa isiyo yake. Anayepanda Tourmalet kutoka Sainte-Marie-de-Campan hupanda zaidi ya mita 1,200 kwa mkupuo mmoja wa kilomita 17 hivi. Gusii hakuna mpando wa namna hiyo, kwa kuwa nchi yenyewe tayari iko juu. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili, uko juu zaidi. Kinachomchosha mwendesha baiskeli hapa ni marudio. Unashuka hadi daraja la mto, unavuka, unapanda. Ukifika juu unaliona bonde jingine mbele yako na barabara ikiporomoka tena. Kutoka Kisii kupitia Keumbu na Ichuni hadi Keroka ni vigumu kupata sehemu ndefu iliyo sawa.

Nyamira inaonyesha jambo hili kwa tarakimu. Kaunti nzima haifiki kilomita za mraba 900, lakini ardhi yake inaanzia mita 1,250 upande wa chini na kufika 2,100 kwenye milima ya juu. Mita 850 za tofauti katika eneo dogo kiasi hicho! Mpangaji wa mashindano angeweza kuchora mzunguko wenye mipando mingi mikali na asimtoe mpanda baiskeli nje ya kaunti. Kiabonyoru, Nkoora, Nyabisimba, Kemasare na ukingo wa Manga ni majina ambayo kila Mnyamira anayajua. Mto Gucha, ambao huko chini huitwa Kuja, chimbuko lake liko kwenye milima ya Kiabonyoru, na maji yake husafiri hadi Ziwa Viktoria.

Hesabu ya mpando si ngumu. Chukua mpanda baiskeli ambaye yeye na chombo chake wana kilo 80. Akipanda mteremko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, anahitaji takriban wati 220 kwa ajili ya kuinua uzito peke yake, kabla ya msuguano wa matairi. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kulifanya hilo kwa dakika kadhaa. Baada ya bonde la nne au la tano, miguu inaanza kukataa. Shirikisho la kimataifa, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe na uzito chini ya kilo 6.8. Ile baiskeli nyeusi ya chuma iliyozoeleka vijijini, Blakmamba, ina kilo 20 hivi na gia moja tu. Anayeisukuma kuelekea sokoni ikiwa na mikungu miwili ya ndizi anafanya kazi ambayo bingwa wa Ulaya hajawahi kuombwa aifanye.

Ndiyo maana boda boda ya baiskeli, iliyozaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, ilistawi zaidi kwenye nchi tambarare ya magharibi na kandokando ya ziwa. Huku milimani watu wawili juu ya gia moja walikuwa mzigo usiobebeka, na pikipiki zilipofika zilipata nchi iliyokuwa ikizingoja.

Msongamano mkubwa kuliko wa Rwanda

Sensa ya 2019 iliipa Kisii watu 1,266,860 kwenye kilomita za mraba 1,323. Hiyo ni watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba, nafasi ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Vihiga, na kidogo tu mbele ya Kiambu. Nyamira, yenye watu 605,576, ilikuwa ya sita kwa watu 675. Rwanda, ambayo tumezoea kuiita nchi iliyosongamana, ilihesabu watu 503 kwa kilomita ya mraba katika sensa yake ya 2022. Kaunti zetu zote mbili zinaizidi.

Naitaja Rwanda kwa sababu maalumu. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa na kilomita 267.5 na mita 5,475 za kupanda, na wengi waliziita ngumu kuliko zote katika historia ya taji hilo. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alianza mashambulizi kwenye Mlima Kigali zikiwa zimesalia kilomita zaidi ya 100, akabaki peke yake kwa kilomita 66 za mwisho, na akashinda. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa wa pili, Ben Healy wa Ayalandi wa tatu. Kwa upande wa wanawake taji lilikwenda kwa Magdeleine Vallieres, Mkanada wa kwanza kulitwaa.

Angalia sasa vilima vilivyowatoa jasho. Mlima Kigali ni mpando wa kilomita 5.9. Kimihurura, wenye barabara ya mawe, ni kilomita 1.3. Ule uitwao Ukuta wa Kigali una mita 400 hivi, lakini ni mkali wa asilimia 11. Hakuna hata mmoja unaokaribia Tourmalet kwa urefu. Waliorudi nyumbani bila kumaliza walishindwa na vilima vifupi vilivyorudiwa na kurudiwa, kwenye jiji lililo mita 1,567 juu ya bahari, chini ya mji wa Kisii. Kila aliyewahi kunyonga baiskeli kutoka Daraja Mbili, mjini Kisii, kwenda Keroka anaujua mchezo huo.

Na watu! Picha za Kigali zilizokaa akilini mwangu ni za umati uliojaa kando ya barabara, watoto juu ya kuta, wazee kwenye vibaraza, sauti moja kutoka chini ya kilima hadi juu. Mashindano ya baiskeli hayana tiketi wala lango. Yanapita mbele ya nyumba ya mtu, na utajiri wake ni wale wanaotoka nje kutazama. Kwa kipimo hicho Gusii ni tajiri, maana boma linaishia pale boma jingine linapoanzia, na sijui kilima ambacho hakingejaa watu.

Wiki moja ya Oktoba 1968

Rekodi kubwa kuliko zote za nchi hii hazikuwekwa kwa baiskeli. Ziliwekwa kwa miguu, na ya kwanza ina uhusiano wa ajabu na baiskeli ambao ni wachache wanaoukumbuka.

Tarehe 13 Oktoba 1968, jijini Mexico City, Naftali Temu wa Nyamira alishinda mbio za mita 10,000 za Olimpiki. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Kenya. Hadi mzunguko wa mwisho alikuwa akipambana na Mamo Wolde wa Ethiopia, na mwishoni walitenganishwa na sehemu sita za kumi za sekunde. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia wakati huo, alimaliza wa sita na kuanguka akiwa hajitambui. Temu aliongeza shaba katika mita 5,000. Hakuwa mgeni kwa Clarke: miaka miwili kabla, mjini Kingston, alikuwa amemshinda katika maili sita za michezo ya Jumuiya ya Madola.

Muda wa Temu ulikuwa dakika 29, sekunde 27.4. Emil Zátopek alikuwa amekimbia kasi zaidi ya hapo mjini Helsinki mwaka 1952, miaka 16 kabla. Sababu ni mwinuko. Mexico City iko mita 2,240 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja ya tano kuliko ile ya pwani. Mkimbiaji wa mbio ndefu anakosa oksijeni, muda unarefuka, na aliyezaliwa mabondeni anaanguka.

Sasa mwangalie mwendesha baiskeli katika jiji hilohilo. Siku tatu kabla ya dhahabu ya Temu, tarehe 10 Oktoba 1968, Ole Ritter wa Denmark alizunguka uwanja wa baiskeli kwa saa nzima na kufikisha kilomita 48.653, rekodi mpya ya dunia. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alifunga safari hadi hukohuko na kuisogeza mpaka kilomita 49.431. Hewa iliyomrudisha nyuma mkimbiaji ndiyo iliyomsukuma mbele mwenye baiskeli, kwa sababu kwenye uwanja tambarare nguvu nyingi za mpanda baiskeli huishia katika kupasua upepo. Hewa ikipungua, ukuta ulio mbele yake unapungua pia.

Katika Gusii mtu hukutana na pande zote mbili za jambo hilo kwa siku moja. Kati ya mita 1,700 na 2,000 hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20 kuliko ya Mombasa. Wakati wa kupanda mwendo ni mdogo, upepo si adui, na unachokihisi ni kifua kinachotafuta pumzi. Wakati wa kushuka hewa hiyohiyo haikuzuii vya kutosha, baiskeli inashika kasi usiyoitarajia, na kona ya kwenye daraja inakuja upesi. Wageni kutoka pwani nawaomba wazijaribu breki zao juu ya kilima, wasingoje bondeni.

Temu alitanguliwa na kufuatwa na wenzake. Nyandika Maiyoro wa Kisii alikuwa katika timu ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki, Melbourne 1956, akamaliza wa saba katika mita 5,000, na Roma 1960 akawa wa sita. Arere Anentia alileta shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Munich 1972, Kenya iliposhinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, watatu kati ya wale wanne walikuwa wana wa Gusii: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko. Kisha tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, Yobes Ondieki akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Saa ilisoma 26:58.38.

Miguu na mapafu yaliyofanya hayo hayakutofautiana na yale yanayohitajika kwenye pedali. Eritrea imethibitisha. Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara, mji ulio juu ya mita 2,300, alishinda hatua ya Tour de France mjini Turin tarehe 1 Julai 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na akamaliza Tour hiyo akiwa na hatua tatu na jezi ya kijani. Kenya nayo ilimlea Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa huko Kikuyu na David Kinjah, kabla hajashinda Tour mara nne kwa bendera ya Uingereza. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeendesha kwa bendera yetu, alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya ajali katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, na pengo lake halijazibika.

Mvua, radi na mawe

Nyamira hupata kati ya milimita 1,200 na 2,100 za mvua kwa mwaka, na Kisii kwa kawaida huvuka 1,500. Hakuna miezi mingi ya kukauka. Mchana unyevu wa ziwani hupanda milima, ukakutana na upepo wa mashariki, na mawingu huanza kujengeka baada ya chakula cha mchana. Alasiri radi hupiga. Jirani yetu Kericho anatajwa kuwa na rekodi ya dunia ya mvua ya mawe: siku 132 katika mwaka mmoja. Mawingu hayo hayajui mpaka wa kaunti, na mkulima wa chai wa Nyansiongo anajua mawe ya dakika kumi yanaweza kumlia majani ya wiki kadhaa.

Kwa mwenye baiskeli kanuni ni moja. Toka alfajiri, uwe umerudi kabla ya saa nane mchana. Ukinaswa njiani, usijikinge chini ya mkaratusi uliosimama peke yake juu ya kilima. Omba hifadhi kwenye duka au kituo cha kupokelea majani ya chai, hutafukuzwa. Lami iliyolowa na kupakwa udongo mwekundu wa kando ya barabara huteleza vibaya, hasa pale pikipiki zinapotokea mashambani.

Msitu na ukingo

Msitu mkubwa hutauona Gusii yenyewe. Ardhi imelimwa, na kijani unachokiona ni chai, migomba na mistari ya mikaratusi. Nyangweta, upande wa Mugirango Kusini, ni mmoja wa misitu michache iliyobaki, na unastahili ulinzi wa nguvu zaidi. Anayetaka kunyonga baiskeli karibu na msitu wa kweli wa milimani ashike barabara ya Keroka kwenda Sotik, kisha aelekee Kericho. Upande wa mashariki wa Kericho kuna Mau, msitu wa asili wa milimani ulio mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na ndiko unakotokea Mto Sondu unaopita kandoni mwa Nyamira.

Kwa mandhari, uamuzi wangu hauna mashaka: Manga ndiyo ya kwanza. Ukingo huo unainuka ghafla juu ya mabonde ya Kitutu, na siku isiyo na ukungu jicho linafika hadi Ziwa Viktoria. Hapo juu kuna Ngoro ya Mwaga, shimo linalotajwa katika masimulizi ya Abagusii, na wenyeji watakueleza habari zake wenyewe kwa undani usiopatikana kwenye vitabu. Panda kwa gia ndogo, pumzika, sikiliza.

Jumapili moja tu

Mashindano makubwa ya baiskeli yanayojulikana Kenya yamekuwa karibu na Nairobi, katika Bonde la Ufa, na tangu 2021 pia huko Maasai Mara, ambako Migration Gravel Race huvuta wageni kutoka mabara mengine. Kaunti ya Narok, iliko Mara, inapakana na Gusii upande wa Nyangusu. Wageni hao hupita karibu nasi na kurudi makwao bila kuujua mpando mmoja wa Nyamira.

Kwa hiyo nawaomba magavana wa Kisii na Nyamira, na chama cha baiskeli cha Kenya, jambo lisilohitaji kiwanja kipya wala mkopo. Fungeni barabara moja kwa asubuhi moja. Iwe Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista, nao ni wengi hapa. Waanze Gusii Stadium saa moja, wapande Keroka, wageuke Nyamira, wapite Manga, warudi mjini kabla mvua haijaanza. Wekeni mbio za wanawake zenye zawadi sawa, na mbio za Blakmamba za gia moja kwa wale wanaobeba ndizi kila siku. Na zawadi ya mshindi wa mpando mkali zaidi ipewe jina la Naftali Temu, ambaye alifariki mwaka 2003.